Chama Kilichojengwa Juu ya Kiti

Chama cha PRI kilishika serikali ya Mexico kwa miaka 71 mfululizo, na wachambuzi wengi wamejaribu kukipachika mrengo: wengine wanakiita cha kushoto, wengine cha kulia. Ukifuatilia chimbuko lake, mjadala huo unaanzia pasipo penyewe. Chama hiki kilianzishwa ili kujibu swali moja, nani atamrithi nani bila kumwaga damu, na jibu hilo ndilo lililokiweka hai huku itikadi zikija na kuondoka. Porfirio Díaz, aliyetamalaki tangu 1876, aliangushwa 1911 kwa kung'ang'ania kiti. Majenerali walioshinda vita vya mapinduzi wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1927 katiba ilirekebishwa ili Álvaro Obregón aweze kurudi ikulu. Akashinda uchaguzi, lakini Julai 1928 akapigwa risasi mgahawani kabla ya kuapishwa. Machi 1929, Plutarco Elías Calles, ambaye muhula wake ulikuwa umekwisha, aliwaunganisha majenerali, magavana na vyama vidogo vya majimbo katika chama kimoja, PNR. Chama hicho kilikuja kuitwa PRM mwaka 1938, na PRI mwaka 1946.

Mtu atauliza: je, Lázaro Cárdenas hakuwa na itikadi? Alikuwa nayo, tena kwa vitendo. Kati ya 1934 na 1940 aliwagawia wakulima takriban hekta milioni 18, na Machi 1938 akataifisha mafuta. Lakini tazama alichokifanya sambamba na hayo. Mwaka 1936 alimfukuza nchini Calles aliyetaka kutawala kwa mlango wa nyuma, na muhula wake wa miaka sita ulipokwisha, mwenyewe akang'atuka. Aliacha desturi: rais ana nguvu karibu zote, humteua mgombea atakayemfuata, kisha hukaa pembeni. Alipanga pia wafanyakazi na wakulima katika matawi ya chama, wakawa tegemeo la kila rais aliyefuata. Ndiyo maana mwaka 1992 Carlos Salinas, rais wa chama kilekile, aliweza kurekebisha kifungu cha 27 cha katiba, akasitisha ugawaji wa ardhi na kufungua njia ya ardhi ya vijiji kuuzwa, na shirikisho la wakulima la chama halikujitenga naye.

Wapo wanaosema kilichokibakiza madarakani ni mabavu na wizi wa kura. Ushahidi wanao: wanafunzi waliouawa Tlatelolco tarehe 2 Oktoba 1968, na uchaguzi wa 1988 ambao mfumo wa kuhesabu kura ulizimika usiku wa matokeo. Hata hivyo, Díaz naye alikuwa na bunduki na kura za bandia, na hazikumwokoa. Tofauti ni kwamba ndani ya PRI mwenye tamaa ya madaraka alijua kwamba baada ya miaka sita meza itapangwa upya, hivyo kusubiri kulimlipa kuliko kuasi.

Nguvu ya hoja hii inaonekana zaidi pale mpango huo ulipovunjika. Mwaka 1987 Cuauhtémoc Cárdenas, mwana wa Lázaro, alipinga sera za kubana matumizi na akadai mgombea achaguliwe kwa uwazi. Sera peke yake zilikuwa zimemkera kwa miaka. Lakini alitoka chamani tu baada ya Salinas kuteuliwa kuwa mgombea na mlango wa urithi kufungwa. Kutokana na uasi huo kilizaliwa chama cha PRD mwaka 1989. Mwaka 2000 PRI kilishindwa na Vicente Fox wa PAN, chama cha upinzani tangu 1939. Bila kiti cha kurithishana, hakikubaki na msimamo wa kukitenga na mahasimu wake: katika uchaguzi wa 2024 PRI, PAN na PRD vilimsimamisha mgombea mmoja, na Claudia Sheinbaum wa chama cha Morena akamshinda kwa mbali.