Watoto wa Edgewood na Neno Moja

Tarehe 16 Mei, 1968, wanafunzi wapatao 400 wa Shule ya Sekondari ya Edgewood, mjini San Antonio, jimbo la Texas, Marekani, waliyaacha madarasa yao wakatoka nje. Hawakwenda nyumbani, wala hawakwenda kuvunja maduka. Waliandamana hadi ofisi ya mkuu wa elimu wa wilaya yao wakiwa na madai mkononi. Vifaa havitoshi. Walimu wenye sifa hawatoshi. Basi.

Najua unachowaza, ndugu msomaji. Migomo ya wanafunzi tumeiona mingi: maharage yana wadudu, mwalimu wa hesabu hajaonekana tangu muhula uanze, mkuu wa shule anaita polisi, mambo yanaisha. Lakini mgomo huu haukuishia hapo. Ulifika mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, Washington, ukashindwa kwa kura moja tu. Ukarudi nyumbani Texas, ukakaa miaka mingi kama moto chini ya majivu, halafu ukashinda kwa kura zote. Na kilichoamua, mara zote mbili, ni neno. Mara ya kwanza neno lilikosekana. Mara ya pili lilikuwepo. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinatufaa sisi tunaohangaika na kalamu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu kinachoitwa wilaya ya shule. Usifikirie wilaya zetu hizi zenye mkuu wa wilaya na bendera kwenye gari. Kule wilaya ya shule ni kipande cha ardhi chenye bodi yake ya elimu, shule zake na, hapa ndipo penye mambo, kodi yake. Mji mmoja unaweza kukatwa vipande kama chapati, kila kipande wilaya yake. San Antonio na viunga vyake iligawanywa hivyo. Sehemu kubwa ya fedha za shule ilitoka kwenye kodi ya majengo na ardhi ya kipande kile kile. Nyumba za eneo lako zikiwa za thamani, shule zako zinashiba. Nyumba zikiwa vibanda, shule zinalala njaa. Jimbo liliongeza kidogo, serikali ya shirikisho nayo kidogo, lakini pengo lilibaki pale pale.

Sasa chukua vipande viwili vya chapati hiyo. Upande wa magharibi iko Edgewood, uswahilini kwao kama tungesema sisi. Wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25, na kati ya kila wanafunzi 10, karibu 9 walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Upande wa kaskazini kiko kitongoji cha Alamo Heights, ushuani hasa: miti, bustani, nyumba za watu waliojipata. Wanafunzi wapatao 5,000, shule 6, wengi wao Wazungu. Toka kimoja hadi kingine si safari ya kubeba chakula cha njiani. Ni mji huo huo, jua hilo hilo.

Hesabu za mwaka wa masomo 1967-68 ziliwekwa mezani mahakamani, na hakuna aliyezikana. Ukigawa thamani ya mali inayotozwa kodi kwa idadi ya wanafunzi, Edgewood ilikuwa na dola 5,960 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights ilikuwa na zaidi ya dola 49,000. Kodi ya eneo lenyewe iliipatia Edgewood dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights ikapata dola 333. Ukijumlisha na misaada yote ya jimbo na ya shirikisho, Edgewood ilitumia dola 356 kwa mtoto, Alamo Heights dola 594.

Utasema, labda watu wa Edgewood walikuwa wavivu wa kulipa kodi. Ndivyo wenye nazo wanavyopenda kusema kuhusu wasio nazo. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali, kiwango cha juu kuliko wilaya zote za mji ule. Alamo Heights walijitoza senti 85. Maskini alijikamua zaidi akapata kidogo, tajiri alijikamua kidogo akapata tele. Na hata Edgewood wangetaka kujiua kwa kodi ili wawafikie wenzao, wangelazimika kujitoza zaidi ya dola 5 kwa kila dola 100, wakati sheria ya Texas ilikataza kuvuka dola 1.50. Yaani sheria ilimwambia maskini: jitahidi, halafu ikamfunga miguu.

Fedha hizo ziligeuka kuwa nini darasani? Ziligeuka kuwa watu. Karibu nusu ya walimu wa Edgewood, asilimia 47, walifundisha kwa vibali vya dharura kwa sababu hawakutimiza sifa. Alamo Heights walikuwa asilimia 11. Mshauri mmoja wa wanafunzi Edgewood alikuwa na watoto zaidi ya 3,000 wa kuwahudumia. Mimi nilisoma shule ambayo dawati la watu wawili tulikaa wanne, kwa hiyo mtu akiniambia fedha hazileti elimu, huwa namwuliza yeye alikaa wangapi.

Wazazi wa Edgewood walipoona watoto wao barabarani, mwanzoni walidhani mchawi yuko ndani. Walihisi wakubwa wa wilaya wanazila fedha. Mmoja wa wazazi hao alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa bati kwenye kambi ya jeshi la anga ya Kelly, mtu aliyewahi kulitumikia jeshi. Wanawe walisoma katika jengo bovu la Edgewood. Yeye na wenzake wakaunda chama cha wazazi, wakamwendea wakili Arthur Gochman. Wakili akawaambia jambo ambalo liliwageuza macho: tatizo si wizi tu, hata kama upo. Tatizo ni kwamba hakuna cha kuiba. Mfumo wenyewe ndio mwizi.

Mwezi Julai 1968, miezi miwili tu baada ya watoto kuandamana, kesi ikafunguliwa. Hoja ilikuwa kwamba Katiba ya Marekani inaahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na mfumo huu unawapima watoto kwa bei ya nyumba za majirani zao. Desemba 1971 majaji watatu wa mahakama ya shirikisho huko Texas wakakubali, wote kwa sauti moja. Texas ikakata rufaa.

Tarehe 21 Machi, 1973, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu. Watano dhidi ya wanne, Rodriguez akashindwa. Aliyeandika hukumu ni Jaji Lewis Powell, ambaye kabla ya kuwa jaji aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya mji wa Richmond, Virginia. Hakuwa mtu asiyejua shule. Alikiri kuwa elimu ni muhimu na kwamba mfumo una kasoro. Lakini akasema elimu si miongoni mwa haki ambazo Katiba ya Marekani inazilinda, iwe kwa kutajwa au kwa kudokezwa, kwa hiyo mahakama haiwezi kuilazimisha Texas. Hata Jaji Stewart, aliyekuwa upande wa walio wengi, alikiri kwamba mfumo wa fedha za shule nchini mwao ni vurugu na si wa haki. Akapiga kura ubaki.

Unaona? Hesabu zilikubaliwa. Maumivu yalikubaliwa. Kilichokosekana ni neno. Waandishi wa katiba ile ya mwaka 1787 hawakuandika "elimu", na karibu miaka 200 baadaye mtoto wa fundi bati akalipa deni la wino ambao haukumwagwa.

Miongoni mwa wale wanne waliopinga alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1954, akiwa wakili, alishinda kesi iliyoharamisha kutenganisha shule kwa rangi. Aliandika maoni marefu na makali: mtoto hachagui wilaya ya kuzaliwa, na nchi haiwezi kumnyima fursa kwa sababu ya anwani. Mtu huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1960 Tom Mboya na wenzake walimwalika London, kwenye mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya, awe mshauri wao, na akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya nchi ile iliyokuwa bado koloni. Alijua vizuri maana ya neno kuwepo au kutokuwepo kwenye karatasi. Kenya yenyewe ilikuja kuliandika wazi katika Katiba yake ya mwaka 2010: elimu ni haki ya kila mtu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 nayo inataja haki ya kujielimisha katika ibara ya 11, lakini ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayana nguvu mbele ya mahakama yoyote. Neno lipo, ila limefungwa mdomo. Hilo litafakari mwenyewe ukiwa kwenye daladala.

Turudi San Antonio. Baada ya 1973 mtu angeweza kusema yamekwisha. Wanafunzi wa 1968 walishakuwa watu wazima. Lakini wapo waliokwenda kuisoma karatasi nyingine. Katiba ya jimbo la Texas ya mwaka 1876 inaliagiza bunge la jimbo kuanzisha na kuendesha mfumo wa shule za umma za bure ulio na ufanisi. Ufanisi! Neno kavu, la kiofisi, ambalo mshairi asingelitazama mara mbili. Mwaka 1984 wilaya ya Edgewood na wenzake, wakisimamiwa na mawakili wa MALDEF, shirika la kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Meksiko lililozaliwa San Antonio mwaka ule ule wa 1968, wakafungua kesi nyingine, safari hii katika mahakama za Texas. Wakauliza: je, huu ni ufanisi?

Hesabu zilikuwa mbaya kuliko zamani. Wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na zaidi ya dola milioni 14 za mali kwa kila mwanafunzi. Ile maskini kuliko zote ilikuwa na kama dola 20,000. Hiyo ni mara 700. Tarehe 2 Oktoba, 1989, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas wakasema hapana, huu si ufanisi, rekebisheni. Tisa kwa sifuri.

Usidhani wakubwa walilala wakaamka wema. Sheria za mwanzo za kurekebisha zilitupwa na mahakama moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 ikapita sheria ambayo watu waliipachika jina la Robin Hood: wilaya zenye mali nyingi zilipaswa kutoa sehemu ya utajiri wao kwa ajili ya wengine. Mwaka 1995 mahakama ikaikubali. Na kati ya wilaya zilizojikuta zinatoa ilikuwemo Alamo Heights. Walipiga kelele, bila shaka. Hakuna anayeachia mnofu kimyakimya.

Je, ni ushindi kamili? Hapana, na atakayekwambia hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kesi za fedha za shule za Texas ziliendelea. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Texas iliukubali mfumo huku ikikiri kwamba una kasoro nyingi. Demetrio Rodriguez alifariki mwaka 2013. Kesi aliyoshindwa ndiyo inayosomwa na wanafunzi wa sheria Marekani nzima, na jina lake limo ndani yake.

Wapo watakaosema wale vijana 400 walipoteza muda, maana hakuna hata mmoja wao aliyerudi darasani akakuta kitabu kipya kwa sababu ya hukumu ya 1989. Ni kweli. Lakini tazama mwanzo wa kamba: vijana wameandika kinachowauma kwa maneno mafupi yanayoeleweka, vifaa na walimu, wakaenda kuyasoma mbele ya mkubwa. Wazazi wakayachukua wakayapeleka kwa wakili, wakili akayageuza kuwa hesabu, na hesabu zikaenda kutafuta neno la kushikilia. Mtu asingeandika lile la kwanza, hili la mwisho lisingetafutwa.

Sisi huku tunajifunza kuandika. Tunabishana kuhusu vina na mizani, nani anajua Kiswahili na nani anabahatisha. Sawa, ni kazi yetu. Ila tukumbuke pia kwamba kuna karatasi nyingine zinaandikwa bila sisi: katiba, sheria, bajeti, ramani inayosema mtaa huu ni wa shule ile. Wanaoziandika hawatafuti vina. Wanaliweka neno au wanaliacha, halafu mtoto ambaye bado hajazaliwa anakalia dawati la wanne.

Basi mshkaji, siku ukipata nafasi, zisome hizo karatasi. Zisome kama unavyosoma riwaya, kwa jicho la mtu anayejua kuwa mwandishi ameficha kitu. Halafu uliza neno gani halimo.