Upangaji wa njia za safari za pamoja

Upangaji wa njia za safari za pamoja hutumia uigaji wa kompyuta kuamua nani apande gari lipi, achukuliwe wapi na kwa mfuatano gani. Msingi wake ni tatizo la njia za magari lililoelezwa na George Dantzig na John Ramser mwaka 1959. Mwaka huohuo Edsger Dijkstra alichapisha mbinu yake ya kutafuta njia fupi zaidi.

Barabara huwakilishwa kama mtandao wa makutano, na kila kipande huwa na muda wake wa kupitika. Abiria hupewa atokako, aendako na muda anaoweza kusubiri. Programu humwongeza abiria mpya iwapo kiti kipo na mchepuko hautawachelewesha mno waliokwisha kupanda.

Tetu, kaunti ndogo ya Nyeri kwenye miteremko ya Aberdare, huonyesha udhaifu wa kupima umbali kwa mstari mnyoofu. Vijiji vinavyotazamana ng'ambo ya bonde vyaweza kutenganishwa na mzunguko mrefu. Hivyo katika uigaji wasafiri waendao Nyeri mjini hufaa kukusanywa kwa kufuata mgongo wa kilima, na muda wa barabarani ndio kipimo.

Uigaji huhitaji takwimu za kweli. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, ulirekodi kwa simu njia na vituo vya matatu za Nairobi; ramani yake ilitolewa mwaka 2014.