Albamu ya ridimu

Albamu ya ridimu ni mkusanyo wa nyimbo za wasanii mbalimbali walioimba juu ya mdundo mmoja, yaani ridimu. Ngoma, besi na kinanda ni vilevile mwanzo hadi mwisho. Kila msanii huja na maneno na melodia yake. Ni mtindo wa Jamaika, na ndio uliolea muziki wa dancehall.

Historia

Prodyusa Rupie Edwards huhesabiwa kuwa wa kwanza kutoa albamu nzima ya namna hii, Yamaha Skank (1974), juu ya mdundo wa My Conversation, wimbo wa Slim Smith na The Uniques wa 1968. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1985. Wanamuziki Wayne Smith na Noel Davey walipata ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40 mdundo uliowekwa humo na Okuda Hiroko, mwanamuziki wa Kijapani aliyeajiriwa na kampuni hiyo. Prodyusa King Jammy akaupunguza kasi, akauongezea piano na makofi, ukawa ridimu ya Sleng Teng. Tangu hapo prodyusa mwenye kinanda kimoja aliweza kufanya kazi iliyohitaji bendi nzima. Ridimu ya Diwali, ya Steven Marsden, ilitikisa dunia mwaka 2003 kupitia Sean Paul na Wayne Wonder.

Kenya

Dancehall ya Kenya ilijengwa na akina Redsan, Wyre na Nazizi. Wawili hawa wa mwisho waliungana na Bebe Cool wa Uganda katika kundi la East African Bashment Crew.

Migori na Homa Bay

Kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, Nyanza Kusini ya zamani, ni ngome ya muziki wa benga na ohangla. Princess Jully, aliyeimba Dunia Mbaya, alikuwa wa Migori. Upande wa Kuria kuna kinubi cha litungu. Gitaa la benga huiga nyuzi nane za kinubi cha nyatiti, na ohangla ya siku hizi hupigwa kwa kinanda cha umeme, kwa hiyo biti ya kompyuta si ngeni hapa.

Ridimu inawafaa sana wasanii wa miji kama Rongo, Awendo na Mbita. Gharama ya kutengeneza biti ni ya mara moja tu. Anayeanza husikika bega kwa bega na mwenye jina, naye didjei huunganisha nyimbo zote bila mdundo kukatika, huyu akimalizia kwa Dholuo, yule akidakia kwa Kiswahili au Sheng.

Haki

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutenganisha haki za mtunzi, za mwimbaji na za mwenye rekodi. Katika ridimu ya waimbaji wanane, haki hizo zina wenyewe wengi, na mgogoro ni rahisi kuzuka. Maprodyusa na wasanii waandikiane mgao kabla ya sauti ya kwanza kurekodiwa.