Akonē: Historia ya Jiwe la Kunolea

Neno la Kiyunani akonē halimo katika Agano Jipya, na huenda ndiyo sababu wengi wetu tulimaliza masomo ya Kiyunani bila kulikuta. Maana yake ya kwanza ni nyepesi: kinoo, yaani jiwe la kunolea kisu, mundu au upanga. Lakini Wayunani hawakuliacha mikononi mwa wahunzi.

Mshairi Pindar, katika karne ya 5 K.K., alimsifu Lampon wa Aegina, baba wa wanamichezo hodari, kwa kumfananisha na akonē ya Naxos lishindalo shaba kati ya mawe mengine. Kisiwa cha Naxos kina jiwe gumu lifaalo kwa kunolea na kung'arishia, hivyo wasikilizaji wake walielewa mara moja. Baba hakushinda mashindano yale, aliwanoa wanawe. Mahali pengine Pindar asema kwamba ana akonē juu ya ulimi wake, akiueleza msukumo wa kuimba.

Mfano huo ulipata umaarufu zaidi kwa Isocrates (436–338 K.K.), mwalimu wa ufasaha huko Athene. Yeye mwenyewe alikuwa na sauti dhaifu, tena aliogopa kusimama mbele ya umati, lakini kutoka shuleni kwake walitoka wasemaji mashuhuri. Katika wasifu wake, uliohifadhiwa miongoni mwa maandiko ya Plutarch, twasoma kwamba aliulizwa imekuwaje awawezeshe wengine hali yeye hawezi. Akajibu kwamba mawe ya kunolea nayo hayakati, ila hukifanya chuma kikate. Baadaye Mrumi Horace alijitwalia mfano huo huo kwa Kilatini, akijieleza kuwa mwalimu wa washairi.

Nakiri kwamba jibu la Isocrates hunifariji na kunisumbua, maana nafundisha mahubiri kwa vijana ambao baadhi yao huhubiri vizuri kuliko mimi. Hata hivyo kuna jambo ambalo mfano wake haukulisema. Yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye jiwe moja la kunolea amekiona kishimo kilichochimbika katikati yake. Jiwe nalo huliwa.

Wengine walilihusisha neno hili na akoniton, mmea wenye sumu kali. Theophrastus alieleza kuwa mmea uliitwa hivyo kutokana na kijiji cha Akonai. Pliny, katika karne ya 1 B.K., aliorodhesha maelezo mengine: kwamba huota juu ya miamba mitupu, kwamba huota pasipo hata vumbi, au kwamba huharakisha kifo kama kinoo kiushughulikiavyo ukali wa chuma. Ikiwa wenye lugha yao walitofautiana hivi, sisi tupendao kujenga mahubiri mazima juu ya asili ya neno moja tungefaa kwenda taratibu.

Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kiyunani walikitumia kitenzi cha neno hili, akonaō. Katika Zaburi 45 na 120 kinahusu mishale. Katika Zaburi 52, 64 na 140 kinachonolewa ni ulimi wa mwovu: mara kama wembe, mara kama upanga, mara kama wa nyoka. Ulimi ambao Isocrates aliunoa kwa ajili ya baraza na mahakama, hapa wamchoma asiye na hatia mafichoni.

Mahali pengi kati ya hapo Kiebrania kina mzizi shanan. Mzizi wenye herufi hizo hizo umo pia katika Kumbukumbu la Torati 6:7, mzazi anapoagizwa kuwafundisha wanawe maneno ya Bwana aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Wataalamu wengine wausoma hapo kuwa ni kunoa, wengine kuwa ni kurudia-rudia. Mimi naelekea kwa wale wa kwanza, ingawa si kwa uhakika wa kuapia. Mtafsiri wa Kiyunani hakutumia akonaō. Aliandika probibazō, kusogeza mbele. Basi msomaji wa Biblia ya Kiyunani alikutana na kunoa penye mishale na ndimi zijeruhizo, asikutane nako pale mzazi aketipo na mtoto wake.