Mfumo wa mauzo na stoku

Mfumo wa mauzo na stoku ni programu inayoandika mambo mawili kwa mara moja: fedha iliyoingia na bidhaa iliyotoka. Muuzaji anapoingiza kilo mbili za sukari, mauzo ya siku yanapanda na sukari iliyobaki stoo inapungua papo hapo. Programu inayofanya la kwanza bila la pili ni rejista tu, hata ikiwekwa kwenye kompyuta ya bei mbaya.

Kwa Kiswahili kitu hiki hakijatulia kwenye jina moja. Tanzania wengi husema "mashine ya POS", ila jina hilo limebebeshwa vitu vitatu: kifaa cha benki cha kupitishia kadi, kile wanachotembea nacho wakusanya ushuru wa halmashauri, na programu ya duka. Kenya nako, "till" kwa wateja wengi ni namba ya kulipia kwa M-Pesa iliyobandikwa kaunta, wala haina droo. Mwenye duka akiulizia POS anaweza kurudi na kifaa cha kadi kisichojua kama unga umekwisha. "Rejista ya fedha" inaeleza droo na risiti, inaiacha bidhaa nje. "Usimamizi wa bohari" unaeleza bidhaa, lakini bohari ni jengo la kuwekea shehena, na duka la mtaani lina stoo, tena mara nyingi ni kona tu nyuma ya pazia. Wafanyabiashara wenyewe husema "mzigo": mzigo umeingia, mzigo umekata. Kwenye mazungumzo neno hilo linatosha kabisa. Kwenye menyu ya programu linachanganya, maana kila kinachosafirishwa ni mzigo. "Stoku" imeshazoeleka, na ikiunganishwa na "mauzo" inataja pande zote mbili.

Pande hizo zilitengana kwa muda mrefu. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, alipata hataza ya mashine ya kurekodi mauzo, baada ya kuchoshwa na wahudumu waliokuwa wakitia fedha mifukoni. Mashine yake na zilizofuata zilihesabu fedha peke yake. Bidhaa ziliendelea kuhesabiwa kwa macho na daftari. Mabadiliko makubwa kaunta yalikuja na msimbopau, ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye pakiti. Ulisomwa kwa mara ya kwanza katika mauzo ya kawaida tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio hiyo hiyo, juu ya pakiti ya chingamu za Wrigley. Tangu hapo mashine iliweza kujua fedha imeingia kwa kitu gani.

Kwa maduka ya Afrika Mashariki, hata hivyo, msimbopau ni nusu ya kazi. Sabuni na dawa ya meno zina mistari hiyo (namba zinazotolewa Tanzania huanza na 620 na za Kenya 616, nazo huonyesha msimbo ulisajiliwa wapi, si bidhaa ilitengenezwa wapi). Mchele, dagaa na maharage havina. Mfumo unaofaa hapa lazima uruhusu bidhaa kuchaguliwa kwa jina au picha, na uzito kuingizwa kwa desimali.

Mtihani mkubwa wa mfumo wa bei nafuu ni vipimo. Duka hununua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Soda huingia kwa kreti ya chupa 24 na kutoka chupa moja moja. Sukari huingia kwa mfuko wa kilo 50 na kutoka kwa kilo, nusu na robo. Khanga huhesabiwa kwa korja, yaani 20, lakini mteja hununua doti, na doti yenyewe ni vipande viwili. Programu isiyojua kufungua kreti itamlazimisha mwenye duka kusajili soda mara mbili, kama kreti na kama chupa, na baada ya wiki moja stoku itasoma kreti tatu na chupa hasi kumi na tisa. Hilo linaweza kujaribiwa dakika kumi kabla ya kulipa chochote: ingiza kreti moja, uza chupa tano, tazama kama zimebaki 19.

Jambo la pili ni gharama. Tuseme duka lilinunua kilo 50 za sukari kwa shilingi 2,600 kila kilo, kisha kabla hazijaanza kuuzwa likanunua 50 nyingine kwa 2,900. Kilo moja ikiuzwa 3,000, faida ni ngapi? Mfumo unaotoa ya zamani kwanza utasema 400. Unaotumia wastani utasema 250, kwa kuwa wastani wa manunuzi ni 2,750. Unaokumbuka bei ya mwisho tu utasema 100. Njia mbili za kwanza zinakubalika katika uhasibu. Ya tatu husaidia kupanga bei mpya ya kuuzia, lakini ikiandikwa kama faida inapotosha, na programu nyingi rahisi hufanya hivyo kimya kimya.

Mfuko wa kilo 50 nao hautoi kilo 50. Kuna kinachomwagika, kinachozidi kwenye mizani, kinachochukuliwa nyumbani. Kwa hiyo mfumo unahitaji mahali pa kuandika upungufu pamoja na sababu yake, mbali na mauzo, na orodha ya kuhesabia stoku inayoweza kufunguliwa kwa kundi moja la bidhaa bila kufunga duka zima. Hesabu ya mkono haiepukiki: programu hujua kilichoandikwa, na kilichoibiwa hakiandikwi.

Deni la wateja karibu kila programu inalo. Mali kauli ni adimu zaidi. Bidhaa iliyoletwa kwa ahadi ya kulipwa ikishauzwa iko rafuni, inauzika, lakini bado ni ya aliyeileta. Ikichanganywa na stoku ya kawaida, mwenye duka ataona mtaji ambao si wake. Pasipo kipengele maalumu, njia inayofanya kazi ni kuiweka kwenye kundi lake lenye jina la mletaji.

Kuhusu bei, unafuu haupimwi kwa gharama ya kuanzia. Loyverse, kwa mfano, hutoa programu ya msingi ya simu bila malipo na kutoza nyongeza kama stoku ya kina na usimamizi wa wafanyakazi. Toleo la Odoo la jumuiya ni bure, ila linahitaji mtu wa kulisimika na kulitunza, na mtu huyo hulipwa. Vifaa ndiyo sehemu rahisi. Simu ya Android inatosha kuanzia, na skana ya kawaida ya msimbopau hufanya kazi kama kibodi, inaandika namba tu. Printa ya karatasi ya milimita 58 inatoa risiti zinazosomeka, ingawa karatasi hiyo ya joto hufifia ikikaa juani. La kuulizia zaidi ni kama programu inaendelea kuuza mtandao ukikatika na kupeleka kumbukumbu baadaye.

Mfumo wa duka hauchukui nafasi ya risiti ya kodi. Tanzania, Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianzisha matumizi ya mashine za EFD za risiti za kodi mwaka 2010, na Kenya ina mfumo wa eTIMS wa mamlaka yake ya mapato, KRA. Kama programu haiunganishwi na mfumo wa kodi wa nchi husika, kila mauzo yataingizwa mara mbili. Na muuzaji aliyebanwa na foleni ataruka mara moja kati ya hizo mbili, kwa kawaida ile ya stoku. Mkataba utaje pia njia ya kutoka: orodha ya bidhaa, bei, madeni na mauzo yote iweze kupakuliwa kama jedwali la Excel na mwenye duka mwenyewe, bila kumwomba muuzaji wa programu, hata siku ada ya mwezi ikiwa haijalipwa.