Neno ‘chief’: Maana zake na lilivyoota mizizi Meru na Embu

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza watafsiri ni ‘chief’. Neno hili hutumika kama nomino na pia kama kivumishi, na kila matumizi yana kisawe chake katika Kiswahili.

Asili yake ni neno la Kilatini ‘caput’, lenye maana ya kichwa, lililopitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Neno ‘kapteni’ ni la ukoo huo huo.

Likiwa kivumishi, ‘chief’ humaanisha -kuu au -a kwanza kwa cheo. ‘Chief Justice’ ni Jaji Mkuu, ‘editor-in-chief’ ni mhariri mkuu, na ‘commander-in-chief’ ni Amiri Jeshi Mkuu. Hata hivyo, ‘chief guest’ si “mgeni mkuu” bali mgeni wa heshima au mgeni rasmi. Aidha, zao linalotegemewa zaidi mahali fulani ni zao kuu, wala si “zao chifu”.

Likiwa nomino, neno hili limetoholewa kuwa chifu, wingi machifu. Kwa kuwa hutaja mtu, huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: chifu amefika, machifu wamefika. Kusema “chifu imefika” ni kosa.

Cheo kisichokuwa na jina

Nchini Kenya, chifu ni mtumishi wa serikali anayesimamia lokesheni, akisaidiwa na naibu wa chifu katika kila lokesheni ndogo. Maana hii haikutokana na mila za wenyeji wa Meru na Embu.

Kabla ya ukoloni, Wameru hawakuwa na mtawala mmoja wa kurithi kiti. Mambo mazito yaliamuliwa na wazee wa Njuri Ncheke, na kiongozi wa rika aliitwa mugambi, yaani msemaji. Waembu na Wambeere nao waliongozwa na mabaraza ya wazee. Mzee alisikizwa kwa hekima yake, si kwa barua ya uteuzi.

Waingereza walipoivamia Embu mwaka 1906 na kuingia Meru muda mfupi baadaye, walihitaji mtu mmoja wa kuamrishwa na wa kuamrisha. Sheria ya mwaka 1902 iliwataja watu kama hao kuwa wakuu wa vijiji tu, lakini ‘chief’ ndilo jina lililozoeleka. Waliopewa cheo hicho walikusanya kodi na kutafuta vibarua. Hivyo, neno lililodokeza ufalme wa jadi lilivishwa mwajiriwa wa dola.

Mazoea hayo yalizaa hata lakabu. Jackson Angaine, aliyekuwa Waziri wa Ardhi baada ya uhuru mwaka 1963, alijulikana kama “Mfalme wa Meru”, ilhali Wameru hawakuwahi kuwa na mfalme.

Madaraka ya chifu yaliwekewa sheria mahsusi mwaka 1937. Marekebisho ya mwaka 1997 yaliyapunguza, na neno la Kiingereza lenye maana ya mamlaka likaondolewa katika jina la sheria hiyo.

Machifu wawili, kaunti moja

Utata mpya ulizuka serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Kila wizara ya kaunti ina ‘Chief Officer’, anayefaa kuitwa Afisa Mkuu. Huyu huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Chifu wa lokesheni, kwa upande mwingine, yuko chini ya serikali ya kitaifa, na gavana hana uwezo wa kumwajiri wala kumfuta.

Tofauti hii si ya wanasarufi pekee. Mtu anapofariki na kuacha shamba, familia inayofungua kesi ya urithi hutakiwa kupata barua ya chifu inayotaja warithi wote. Jina la mjane au la binti aliyeolewa likiachwa nje, haki yake huwa hatarini hadi apinge mahakamani. Ni vyema ifahamike kwamba barua hiyo ni ya kuwatambulisha warithi tu. Chifu hagawi ardhi. Uamuzi ni wa mahakama.

Mtafsiri atambue pia kuwa ‘paramount chief’ huitwa chifu mkuu, ingawa kiasili neno “kuu” tayari limo ndani ya ‘chief’. Kwa ‘senior chief’, cheo kilichopo hadi leo, kisawe kifaacho ni chifu mwandamizi.

Kwa ufupi, palipo na ‘chief’ msomaji ajiulize kwanza: je, linataja mtu wa lokesheni au linasifu cheo kingine? Likitaja mtu huyo, ni chifu. Likisifu cheo, aghalabu ni mkuu.