Njia ya misafara, Python na makro za ofisini

Leo tuanzie Tabora. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na mji wa leo, Novemba 1857, njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa inapita katika nchi zenye lugha nyingi. Kiswahili kilisafiri na mzigo kutoka pwani hadi ziwani. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuitupa lugha yake. Alikuwa na ya nyumbani, na akajua ya njiani.

Sasa tuingie ofisini. Makro ni maagizo unayoiandikia programu ili ifanye yenyewe kazi ya kujirudia. Chukua chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku: kilo za kila mkulima, daraja, bei, toa deni la pembejeo, andika malipo. Mwaka 1993 Microsoft iliiwekea Excel lugha ya kazi hiyo, VBA. Lugha nzuri, ila ya nyumbani: nje ya mlango wa mwenye nyumba haina kazi kubwa.

Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, haikutengenezwa kwa ajili ya ofisi. OpenOffice 1.1 iliifungulia mlango mwaka 2003. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kikatoa Jambo OpenOffice, yaani programu hiyo hiyo kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyozaliwa humo mwaka 2010, inaendelea na Python.

Faida yake ni nini? Karani akijifunza Python kwa ajili ya makro, ujuzi ule ule utamsaidia kusoma faili la benki au kutengeneza tovuti. Ila tusidanganyane: mistari inayogusa jedwali lenyewe hubaki ya LibreOffice. Kwa hiyo hesabu ya malipo iandikwe peke yake, na mistari hiyo ikae kando. Programu ikibadilika, unabadilisha mistari hiyo tu.

Mwaka 2023 Microsoft nayo ilitangaza Python ndani ya Excel, lakini hesabu hufanyika kwenye seva za kampuni. Intaneti ikikatika, kazi imesimama. Ile ya LibreOffice hufanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Kanuni ya kumlipa mkulima ni mali ya chama. Kuifungia katika lugha ya nyumba moja ni kumkabidhi mwenye nyumba ufunguo wa ghala. Je, aliyeandika makro za ofisini kwenu akiondoka kesho, nani ataweza kuzisoma?